Mwaka Tuliolala Mlangoni kwa Mama Georgette

Mtani hatakiwi kulia. Nililijua hilo tangu zamani, lakini halikuwahi kunielemea mpaka asubuhi ile Astride aliponipigia simu kutoka Fungurume, mimi nikiwa jikoni natwanga sombe, majani ya mihogo, akaniambia bila hata salamu, "Mwad, mutani yako alitutoka." Nikamuuliza mtani gani, maana mimi Mlunda nina watani wengi kama Waluba walivyo wengi. Akasema, "Weye unamujua. Banza." Nikauegemeza mchi ukutani, nikatafuta pa kukaa, nikakalia ndoo. Astride ni mtu asiyejua kuzunguka maneno, akaendelea kuniambia kwamba maiti inaletwa Kolwezi kutoka Mutshatsha alikokuwa akifundisha, na kwamba familia imeshauliza kama yule mama wa Kilunda atakuja kufanya kazi yake. Kazi yangu! Kwetu anapokufa Mluba ndugu zake hulia, na watani wake Walunda huja kumsema vibaya. Huziba njia ya jeneza, hulala chini, hudai wapewe kitu ndipo wainuke, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatiririka. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi, na wanaonijua wanasema ulimi wangu haujawahi kukosa la kusema penye msiba. Kwa Banza ulikosa. Nilizunguka nyumbani nikimtafutia tusi, na kila nililolishika liligeuka sifa mkononi. Basi nikaanza kuukumbuka mwaka wetu wa mwisho chuoni, nikitumaini kwamba humo ndani nitapata pa kumshika.

Mwaka ule ulikaa katika chumba kimoja. Mama Georgette, mjane aliyetoka Musumba, alikuwa na parseli, yaani kiwanja, hapa Kolwezi kando ya barabara ya vumbi inayopitwa na malori ya madini, na katika nyumba ya mbele alikuwa na chumba kirefu chenye saruji chini, meza iliyofunikwa plastiki yenye picha za mananasi, kalenda ya parokia, na mabenchi mawili ya wateja. Mlango mmoja ulitazama barabara, mwingine ulitazama bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Mimi na Astride tulipanga chumba kidogo cha nyuma. Banza na Félicien, wanafunzi wenzetu, walilala kwingine, lakini kula walikula hapo, na mtu anapokula ndipo anapokaa. Adhuhuri mbabula ya makaa ilikuwa inawaka, sufuria ya bukari, ugali wetu, inatoa povu, samaki wakavu wananuka mpaka kwenye daftari zetu, na Mama Georgette anasonga huku amebana kitenge kati ya magoti, akitupa habari za mtaa mzima bila kugeuza kichwa. Nimekula mahotelini tangu siku zile, na watu wamenifungulia mlango wa gari. Sijakaa mahali penye raha kama benchi lile.

Lakini chumba kile kilikuwa kinakufa, na sote tuliliona. Mama Georgette aliishi kwa mihogo. Aliiloweka, aliimenya, aliianika mbele ya nyumba, kisha aliisaga akauza unga langoni na bukari mezani. Zamani barabara ile ilipitwa na baiskeli na mbuzi. Yalipoanza kuja malori, moja likifuatwa na lingine, kila lililopita liliacha wingu jekundu, na wingu lilishuka polepole juu ya mihogo yake. Aliiosha, aliifunika, aliihamisha nyuma, na mihogo iliyofunikwa ilivunda ikawa myeusi. Siku moja tukiwa mezani tulisikia wateja wawili wakiondoka, wamesimama chini ya dirisha wasijue kwamba dirisha halina kioo. Mmoja alisema, "Bukari ya huyu mama iko muzuri, lakini meno yangu ni ya kukula, haina ya kusaga majiwe." Mwenzake akamjibu, "Kesho tuende kwa ule mwengine." Mama Georgette alikuwa amebeba sahani. Aliiweka mezani taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Batoto yangu, kama hii kiangazi bunga yangu inakata batu meno tena, mi narudia Musumba. Kule hakuna camion." Mimi niliangalia mananasi ya plastiki nikajua kwamba akiondoka yeye, kinaondoka chumba, zinaondoka sufuria, na sisi wanne tunabaki watu wanaosalimiana koridoni.

Ilitokea kwamba mwaka huohuo mwalimu wetu wa miradi, Tata Mulongo, alirudi kutoka semina Lubumbashi akiwa na neno jipya. Aliliandika ubaoni kwa chaki ya bluu: remue-méninges. Akaeleza kwamba ni kukoroga bongo. Watu wa kundi moja wanakaa pamoja, kila mmoja anatoa wazo lililomjia hata likiwa la kichaa, wengine wanaliacha liishi, na katika wingi huo ndipo linapatikana jambo jipya. Chini yake akaandika sheria, akaipigia mstari: hakuna wazo baya. Kila kundi lilitakiwa kubuni kitu kinachofaa watu wa Kolwezi na kukionyesha mbele ya walimu kabla ya likizo kubwa. Astride alisema palepale, "Siye tunatengeneza kikaushio ya mihogo," na hatukuhitaji kuulizana kwa nini.

Nacheka nikikumbuka tulivyokoroga bongo mara ya kwanza. Tulikaa darasani tukiwa tumenyooka kama watu waliokuja kuposa. Banza alikuwa mkubwa wetu kwa umri, kijana mrefu mwenye pengo la meno ya mbele na mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, basi tukamngoja yeye aseme. Yeye naye, kwa adabu, akatungoja sisi. Hatimaye Félicien, aliyetoka Mutshatsha na aliyekuwa na desturi ya kusema sentensi moja kwa juma, alisema kwamba mpira mweusi wa mikanda ya kubebea mawe migodini unapatikana kwa wauza vyuma chakavu, na kwamba kitu cheusi hushika joto. Sote tulisema ni wazo zuri sana. Banza akasema tufunike kwa karatasi ya nailoni. Wazo zuri sana. Astride akasema tufunge pande zote ili vumbi lisipite. Zuri mno. Mimi nikasema, kama wengine, kwamba nakubaliana na wenzangu. Ingekuwa siku hiyo mmoja wetu amependekeza kukausha mihogo ndani ya pipa la mafuta, tungempigia makofi. Tulikuwa watoto waliolelewa vizuri, tumefundishwa kwamba kumwambia mtu amekosea mbele ya wenzake ni kumvua nguo, na sasa mwalimu mzima ametuwekea mstari chini ya jambo hilo. Tukajenga. Tulipanga mihogo ya Mama Georgette juu ya mpira mweusi, tukaifunika, jua likaipiga, na ikakauka upesi ajabu. Mama akaisaga. Tukaita majirani waje kuonja.

Majirani wetu nao walikuwa wamelelewa vizuri. Kila mmoja alimega tonge, akachovya kwenye sombe, akatafuna, akatazama mbali. Baba mmoja dereva alisema, "Iko na ladha ya nguvu." Mama wa nyumba ya pili alisema ana safari, akaondoka na tonge lake mkononi. Mama Georgette alimeza, akanywa maji, akanywa tena. Kisha akasema, "Vumbi hakuna. Lakini mi naona sawa nilikula gurudumu ya camion yenyewe." Nikamsikia Félicien nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Mi nilisikia harufu tangu siku ya kwanza. Lakini balisema hakuna idée mbaya." Astride akasema, "Na mi nilisikia. Nikasema labda ni pua yangu." Mimi pia nilikuwa nimeisikia. Ilibainika kwamba hapakuwa na pua hata moja katika kundi letu ambayo haikuisikia. Gunia zima la mihogo ya mjane lilikuwa limeharibika kwa heshima tuliyopeana.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe, na hapa ndipo ninapomwona Banza mpaka leo. Wengine tulikuwa tumeinamisha vichwa. Yeye aliketi, akajivutia sahani, akala bukari ile ya mpira tonge kwa tonge mpaka akaimaliza, kama mtu anayelipa adhabu, halafu akajipangusa midomo na kusema, "Idée mbaya iko. Njo hii nilikula. Tunakula gurudumu sababu ya adabu." Akanigeukia. "Mwad, weye ni Mulunda. Mi Muluba. Kama mi naleta maneno ya bupumbafu, unafanya nini?"

"Nakucheka," nikasema.

"Unaogopa kama nitakasirika?"

"Mutani hakasirike."

"Na siku nitakufa, bananibeba, unafanya nini?"

"Nalala mu njira."

"Na unatoka wakati gani?"

"Wakati bananipa kitu."

"Basi," akasema, akipiga meza mpaka mananasi yakaruka, "hapa ndani ya hii nyumba, batu yote ni batani. Ata Félicien, ata Astride. Idée ya mutu inapita sawa jeneza. Ukiona haifae, unalala mu mulango. Hautoki mupaka mwenye idée anakupa kitu. Lakini usiseme haiwezekani. Unasema neno moja tu: ongeza."

Mama Georgette aliacha kuosha vyombo. "Mu mulango yangu? Munalala sawa maiti? Ba jirani batasema nini?"

"Batasema tuko tunasoma, mama," Banza akamjibu.

Wenzetu walio mbali na desturi hii wataona ni mchezo wa watoto, na kwa kweli tulicheka kama watoto. Lakini angalia kazi iliyofanyika humo. Mtani ana ruhusa ya kusema ukweli wenye meno, na anayeambiwa ana wajibu wa kutokasirika. Wazee waliiacha ruhusa hiyo kwa ajili ya misiba na arusi. Banza aliichukua mlangoni kwa kifo akaileta mezani kwa wanafunzi, bila kuomba ruhusa ya mtu, na kwa mara ya kwanza tukaweza kukataana bila kuvuana nguo. Zaidi ya hapo, aliyekataa hakuachwa aende zake akiwa amekunja mikono. Alikuwa amelala chini kwenye saruji baridi ya mwezi wa sita, ubavu unamuuma, na kwa hiyo alitaka wazo la mwenzake lipone upesi kuliko hata mwenyewe. Leo ninafundisha katika chuo kilekile, na vijana wangu wana vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani. Ni vizuri, vinapendeza. Ila sijaona kikaratasi kilichopata baridi ubavuni.

Alasiri moja ya Jumamosi imebaki kwangu nzima. Tumekula lengalenga na bukari ya mahindi, kwa kuwa ya mihogo tulikuwa hatuiombi tena. Banza alisimama kueleza wazo lake jipya. Fremu ya miti, juu nailoni nyeupe, chini mikeka ya matete badala ya mpira. Nikaenda mlangoni upande wa barabara, nikajinyoosha. "Wewe Muluba," nikasema, "ulikuya kwetu zamani na upinde tu, bila ata chumvi, na leo unatuletea nyumba ya mvuke. Mihogo yako itatoka jasho, itakuwa myeusi. Ongeza." Akaongeza matundu pembeni ili mvuke utoke. Sikuinuka. "Mvuke inatoka, vumbi inaingia. Ongeza." Akaongeza kitambaa kwenye matundu. Astride akaja akalala karibu yangu, kichwa chake miguuni kwangu. "Hewa haitembee," akasema. "Itakaa mule ndani sawa shemeji ya mugeni. Ongeza." Banza alizunguka meza. Alikuwa na tabia, wazo likimkwama, ya kuweka mikono miwili kichwani kama mtu aliyeibiwa. Akaiweka. Mama Georgette alikuwa amesimama na mwiko, naye nilimwona amebana midomo, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimeshakolea na mteja wake wa mwisho wa siku ile alikuwa dereva yuleyule, na yeye alikuja kwa huruma.

Kiongozi mwingine angesema tuahirishe. Mwingine angetuambia tuinuke, yeye ndiye mkubwa. Banza alimgeukia Félicien aliyekuwa mwisho wa benchi akichokonoa meno, akamwambia, "Félicien, mi nachoka. Ongeza weye."

Sijui kama ninyi mmewahi kumwona mtu mkimya anapoombwa kitu kwa haja ya kweli. Félicien alitoa kijiti mdomoni. Alitazama dari. Akasema, "Kwetu ku Mutshatsha, tunachoma makaa. Tanuru tunaifunika na udongo yote. Lakini tunaacha tundu mbili. Moja chini, ingine juu, mbali. Ile ya juu njo inavuta hewa."

"Cheminée! Bomba ya moshi!" Banza akapiga kelele. "Félicien, hii maneno uliificha wapi tangu mwezi wa kumi?"

"Hamukuniuliza."

Tulicheka mpaka Astride akajigonga kichwa kwenye kizingiti. Lakini mimi bado nilikuwa chini, shavu kwenye saruji, na palepale nikahisi kitu ambacho nisingekihisi nikiwa nimekaa kwenye benchi kama mstaarabu. Lori lilipita. Kutoka mlango wa barabara vumbi liliingia likanipiga usoni, jepesi, la moto. Na kutoka mlango wa bustani, ule wa nyuma, ulikuja upepo mwingine ukitambaa sakafuni, wa baridi, safi, wenye harufu ya majani. Nikasema bila kuinuka, "Tundu ya chini tuigeuze ku lengalenga." Astride akasema kwao Fungurume wanawake hutundika kitenge kilicholowa mlangoni ili kunasa vumbi. Banza, ambaye sasa naye alikuwa amejitupa chini katikati ya chumba, akasema kilicholowa kitarudisha maji kwenye mihogo, aongeze. Astride akaongeza: viwe vikavu, viwili, kimoja juu ya kingine, na kila jioni vipigwe vumbi kama mkeka. Tukatazamana. Tulikuwa watu watatu tumelala chini na mmoja ameinuka kwenye benchi, naye alikuwa Félicien. Mlangoni hakuna aliyesema ongeza tena. Wazo lilikuwa limepita.

Mtu mwingine mmoja alilala mwaka ule. Tulipokwenda kupima mahali pa kujenga, tuliona kwamba panapofaa ni katikati ya tuta la lengalenga, na Félicien akaanza kung'oa. Mama Georgette alitoka jikoni, akaangalia, akatandika khanga yake kwa utaratibu kabisa, akalala juu ya mboga zake, mikono kifuani. "Ongeza," akasema. Hakuna kati yetu aliyethubutu hata kumkaribia. Tukahamisha fremu mpaka ukutani, tukageuza tundu kwa pembe, na akabaki amelala. Banza akamuuliza, "Mama, sasa unataka nini tena?" Akajibu macho yamefumbwa, "Mupaka mutu aoshe sahani." Banza mwenyewe akaziosha.

Siku ya kuonja mara ya pili hatukuita majirani. Mama Georgette alisonga unga mpya, akageuza bukari kwenye sahani, nyeupe, laini, ikitoa moshi. Nje malori yanapita kama kawaida, dirisha limekuwa jekundu. Akamega tonge, hakulichovya popote, akaliweka mdomoni. Tulikuwa tunasikiliza meno yake. Sijawahi kusikiliza kitu kwa makini hivyo, si daktari, si hakimu. Alitafuna, akaacha, akatafuna tena upande wa pili ambako, alitwambia baadaye, jino lilikuwa na ufa na lingemwambia ukweli. Akameza. "Hakuna muchanga," akasema. Banza akaweka mikono kichwani. Mama akaongeza, "Lakini hii sombe, nani alitia chumvi namna hii?" Ndipo tukajua kwamba anafurahi, kwa kuwa Mama Georgette hakuwahi kulalamika siku za huzuni. Kabla ya mvua za kwanza wateja walikuwa wamerudi, wakiwemo wale wawili wa dirishani, na habari ya Musumba hatukuisikia tena. Aliishi hapa miaka mingi na akazikwa hapa.

Mbele ya walimu tulieleza kila kitu. Walituuliza juu ya pembe ya bomba na upana wa matundu, wakaridhika. Mwishoni Tata Mulongo, ambaye alitaka kuandika jina mahali fulani, aliuliza wazo lenyewe la kwanza lilikuwa la nani. Nilimtazama Banza. Ni yeye aliyetukusanya, ni yeye mkubwa, na kama angesema ni langu, sisi watatu tungekubali na tusingeona ajabu. Alisema, "Chef, ukitoa ya mutu moja, inaanguka yote." Tata Mulongo alivua miwani, akamtazama, akaivaa. Akaandika majina manne.

Baadaye maisha yakatutawanya. Astride alifungua duka la vifaa vya umeme Fungurume. Félicien alirudi kwao, akafanya kazi ya reli, na nasikia siku hizi anasema hata sentensi mbili kwa juma. Banza alikwenda kufundisha shule ya ufundi Mutshatsha, na kwa mshahara wa mwalimu hakuvaa tena mashati yenye mikunjo ya kusimama. Lakini ukipita leo kando ya barabara za vumbi utakiona kikaushio chetu hapa na pale, na mara nyingi si chetu tena. Kuna mtu ameweka matofali badala ya miti. Kuna mtu ameweka mabomba mawili. Kuna mama mmoja amekigeuza cha kukaushia samaki. Hawatujui, hawajawahi kutusikia. Nilimpigia Banza simu mara moja kumlalamikia jambo hilo, nikidhani atakasirika nami, na alicheka hata nikasogeza simu mbali na sikio. "Mwad," aliniambia, "banaongeza."

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye msiba, na humo hamna tusi hata moja. Uwanja wa nyumba ya dada yake ulikuwa umejaa, turubai, viti vya plastiki, kwaya ya kanisa lake imevaa nyeupe. Félicien alikuwa miongoni mwa wabebaji, nywele zote mvi. Jeneza likiwa tayari limeinuliwa, kijana wa kwanza wa Banza, Ilunga, mtu mzima sasa, fundi katika mgodi, alisimama langoni kusema neno la mwisho. Alisema vizuri. Alisema baba yake alikuwa mwalimu na mkristo. Halafu akasema, "Na njo yeye, baba yetu, yeye peke yake, alivumbua kikaushio ya mihogo munayoona mu barabara yote." Watu wakapiga makofi. Na mimi, katikati ya makofi yale, nikajua pa kumshika Banza.

Nilijipenyeza mpaka langoni. Magoti yangu si yale ya zamani, kwa hiyo nilishuka kwa vipande, kwanza mkono, kisha nyonga, kisha bega, nikajinyoosha juu ya vumbi mbele ya jeneza na kitenge changu cheusi. Waluba wakaanza kucheka kwa sababu walinijua. Ilunga akainama. "Mama Mwad, tunakupa nini? Kuku? Soda?"

"Sitaki kuku yenu, iko konda sawa weye," nikasema. "Ongeza."

Akanitazama. Akanyooka, akasema kwa sauti, "Baba alivumbua na benzake."

"Ongeza."

"Benzake. Mama Astride, Tata Félicien, na weye Mama Mwad."

"Ongeza."

Wabebaji walikuwa wanahama mguu hadi mguu chini ya uzito. Machozi yalikuwa yanamshuka Ilunga na kicheko kinamvuta midomo, na yule kijana mkubwa, pasipo kujua anachofanya, akainua mikono yote miwili akaiweka kichwani. Akasema neno ambalo bila shaka alilisikia nyumbani maisha yake yote, "Mama, mi nachoka. Ongeza weye."

Nilinyoosha mkono wakaniinua. Niligeuka nikaliambia jeneza, si watu. "Huyu Muluba hakuvumbua kitu! Ata tundu moja!" Watu wakaguna. "Alikuwa mwizi. Siye tulifika kwa Mama Georgette kila mutu na yake. Mi na bwoga yangu, Félicien na kunyamaza yake, Astride na adabu yake ya kusema ndiyo kwa yote. Alituibia byote, tukiwa tunakula. Mupekue mule mu sanduku, mutabikuta. Ata leo hajaturudishia."

Walicheka, na kwaya ikacheka, na dada yake Banza akacheka huku ameshikwa na wanawake wawili asianguke. Nikasogea kando. Kazi ilikuwa imekwisha, njia iko wazi, na macho yangu makavu kama inavyotakiwa. Jeneza likaanza kupita. Félicien alikuwa mbele upande wangu, shavu lake limegusa mbao, na alipofika nilipo alinitazama na kusema, kwa sauti ndogo ambayo mimi tu niliisikia, "Ongeza, Mwad."

Na mimi mtani nikalia.